Jicho la bluu la mbwa wa kambi ya asali: uchambuzi wa kisa kimoja mkoani Tabora

Kisa hiki kilitokea mkoani Tabora, katika kijiji kilicho ukingoni mwa msitu wa miombo. Jina la mbwa nimelibadilisha. Majina ya kijiji, ya mwenye mbwa na ya wengine wote waliohusika nimeyaondoa, na mwaka sikuutaja. Mwenye mbwa nilimsomea maandishi haya, akaridhia yatoke. Mimi ni afisa mifugo wa kata. Siku nazihesabu kuanzia ile ambayo mwenye mbwa aliona dalili ya kwanza.

Naandikia maafisa mifugo wenzangu, wauza dawa za mifugo, na kila anayefuga mbwa karibu na pori. Kwa wiki mbili tulihangaika na jicho la mbwa ambaye ugonjwa wake ulikuwa kwenye damu.

Mbwa, mwenyewe, na msitu

Jeki alikuwa dume wa kienyeji, wa rangi ya kahawia, umri wa miaka minne hivi. Mwenyewe ni mzee aliyevuka sitini. Analima mahindi na tumbaku kidogo, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia nyuki. Mizinga yake mingi ni ile ya magome, ameitundika ndani kabisa ya msitu. Kila mwaka mvua zikikatika na nyasi zikianza kukauka anafunga mzigo kwenye baiskeli na kwenda kupiga kambi kurina asali, wiki mbili, wakati mwingine tatu. Jeki humfuata nyuma ya baiskeli mbio mwendo wote. Usiku kambini ndiye anayebweka fisi wakisogea, na mara moja alimwonyesha mzee nyoka aliyekuwa amejikunja chini ya gunia la kulalia. Mzee huyu hakuwa akimlea mbwa kwa mapambo.

Jeki alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa mwezi Septemba uliotangulia, kwenye kampeni ya kijiji. Kadi yake ilikuwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni na kadi za kliniki za wajukuu. Kupe alikuwa nao. Dawa ya kupe aliogeshwa pale tu ng'ombe wa jirani walipoogeshwa na dawa ikabaki.

Miombo ya Tabora ina ndorobo, ambao kwingine huitwa mbung'o. Wanauma mchana, wanavutwa na kitu kinachotembea, na wanapenda rangi nyeusi na bluu. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ndorobo hufyonza damu ya wanyama wa porini, kama nyati, pongo na ngiri, ambao mara nyingi hubeba vimelea bila kuugua, kisha huvipeleka kwa anayefuata kuumwa. Kwa ng'ombe ugonjwa huo ni nagana, kwa binadamu ni malale. Hayo kila mfugaji wa Tabora anayajua, na wazee bado wanasimulia jinsi wakati wa mkoloni watu wa mikoa hii ya magharibi walivyoondolewa kwenye vijiji vyao vya porini na kukusanywa pamoja kwa sababu ya malale. Ambalo wengi hawalijui, nami nililijua kwenye daftari la chuo tu, ni kwamba mbwa naye anaugua, na aina moja ya kimelea hicho humuua haraka kuliko inavyomuua ng'ombe.

Siku ya 1 hadi ya 8

Mzee alirudi kutoka kambini na madumu yake ya asali. Siku nne baadaye akaona jicho la kushoto la Jeki linatoka machozi na mbwa analifumba akiwa juani. Akadhani ni moshi wa kambini, au nyuki kamchoma.

Siku ya 3 alikwenda duka la dawa za mifugo. Mbwa hakwenda naye. Muuzaji aliposikia kwamba jicho lina ukungu, alisema huenda ni mtoto wa jicho unaanza, akamuuzia mafuta ya macho ya tetrasaiklini. Mafuta yale hayana dhara kubwa, na kwa uchafu wa kawaida wa jicho husaidia. Yalimpotezea siku.

Siku ya 6 macho yote mawili yalikuwa yanatoka machozi, na Jeki alinusa ugali akaondoka. Mzee alikuwa na vidonge vyake vya diklofenaki vya mgongo, vya miligramu 50. Akamsagia kimoja kwenye uji, na kesho yake kingine. Siku ya 8 kinyesi kikatoka cheusi, kinanata kama lami. Hapo ndipo aliponipigia simu.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili nakutana nalo mara nyingi. Dawa za maumivu za binadamu si dawa za mbwa. Diklofenaki huchubua tumbo la mbwa hadi likavuja damu, na huumiza figo. Paracetamoli nayo ina hatari zake kwa mbwa, na kwa paka hata kipande cha kidonge kinaweza kuua. Kinyesi cheusi namna ile ni damu iliyomeng'enywa tumboni. Mzee alifanya kwa huruma. Alimwona mwenzake ana maumivu, akampa kile kinachomsaidia yeye.

Siku ya 9: ziara yangu ya kwanza

Nilikuwa kwenye zoezi la chanjo ya kideri cha kuku kijiji cha pili, nikapitia kwake jioni. Nilimkuta Jeki amelala chini ya mwembe. Joto lake lilikuwa 40.1, wakati mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo. Tezi za chini ya taya zilikuwa zimevimba, kila moja kama kokwa la embe dogo. Nilimfunua mdomo: ufizi ulikuwa umepauka. Nikabonyeza kwa kidole na kuachia. Rangi ilirudi polepole. Ndani ya masikio kupe walikuwa wamejipanga kama mbegu.

Homa, tezi, ufizi mweupe, kupe. Nikahitimisha ni homa ya kupe. Nilimchoma sindano ya oksitetrasaiklini, nikakataza diklofenaki, nikamwagiza mzee ampe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, na tukawatoa kupe mmoja mmoja kwa kibano. Damu sikuchukua. Slaidi sikuwa nazo, mkoba wangu siku ile ulikuwa wa kuku. Swali la mbwa alikuwa wapi mwezi uliopita sikuuliza, na mzee hakuwa na sababu ya kunieleza asichoulizwa.

Kesho yake alinipigia akiwa na furaha: homa imeshuka, Jeki amekunywa mchuzi. Tukaishukuru dawa. Siku ya 12 homa ikarudi, na mimi nikajiambia dawa inahitaji muda. Kumbe vimelea hivi vina tabia yao. Mwili ukishavitambua na kuanza kuviua, baadhi hubadili koti lao la nje na kuzaliana upya, kwa hiyo homa hupanda na kushuka yenyewe hata bila dawa. Nafuu ya siku moja ilitudanganya sote wawili.

Siku ya 14: swali lililochelewa

Nilirudi mapema asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila mgonjwa wako mimi simwelewi tena."

Uso wa Jeki ulikuwa umevimba kuanzia pua hadi kwenye paji, kama aliyeumwa na nyuki wengi kwa pamoja. Nilipomgeuzia kwenye mwanga nikaona macho yale vizuri kwa mara ya kwanza. Ukungu haukuwa nyuma kwenye mboni, mahali mtoto wa jicho anapokaa. Ulikuwa kwenye kioo chenyewe cha mbele, jicho zima limekuwa bluu ya maziwa, kama chupa iliyooshwa kwa maji ya chokaa. Jicho la kushoto halikuniona kabisa nilipopitisha mkono.

Nikamuuliza mzee kama nyuki walimchoma. Akasema hapana, nyuki hawakumgusa, "ila ndorobo wa mwaka huu, mwanangu, wametumaliza. Mimi mwenyewe mgongo wote ulikuwa vipele."

Nilikaa chini. Uvimbe wa uso, kioo cha jicho kuwa bluu pande zote mbili, tezi, homa inayopanda na kushuka, na wiki tatu kwenye msitu wa ndorobo. Mengi ya hayo yalikuwepo siku ya 9, isipokuwa uvimbe wa uso na kupanda na kushuka kwa homa.

Damu, mizani na kipimo cha dawa

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilimnyoa ukingo wa sikio, nikatoboa, nikatandaza tone la kwanza kwenye slaidi mbili. Kisha nikavuta mililita mbili kwenye mshipa wa mguu wa mbele na kuziweka kwenye kichupa chenye kizuia kuganda. Kichupa nikakiweka kwenye boksi la barafu la chanjo, nikapanda bodaboda hadi maabara mjini. Ukitaka kuviona vimelea hivi vikiwa hai lazima uwahi. Damu ikikaa sana vinakufa na huoni kitu.

Mtaalamu wa maabara aliweka tone chini ya hadubini, akaniita niangalie. Chembe nyekundu zilikuwa zinasukumwa huku na huku, kana kwamba kuna samaki wadogo wanapita chini yake. Kwenye slaidi iliyopakwa rangi walionekana wazi: vimelea virefu vyenye utando wa mawimbi ubavuni, kundi la Trypanosoma brucei. Ujazo wa chembe nyekundu ulikuwa asilimia 17. Mbwa mzima huwa na 37 au zaidi.

Nilimpigia daktari wa mifugo wa wilaya. Dawa iliyopo huku ni diminazini, ile ile ya nagana ya ng'ombe, na inatibu pia homa moja ya kupe iitwayo babesia. Kwa babesia na kwa baadhi ya vimelea vya nagana, miligramu 3.5 kwa kilo ya uzito zinatosha. Kwa kundi la brucei kipimo hupanda hadi 7. Na hapo ndipo penye hatari, kwani kwa mbwa nafasi kati ya dawa na sumu ni nyembamba. Ukizidisha, au ukirudia mapema, inaweza kuvujisha damu kwenye ubongo na mbwa akaanza kuyumba, kutetemeka na kufa ndani ya siku chache.

Kwa hiyo uzito ulikuwa jambo la kwanza. Jirani aliyekuja kutazama alikadiria kilo 25, na Jeki alikuwa mrefu kweli. Mzee akaingia ndani, akatoka na mizani ya kuning'iniza anayopimia asali. Tulimtia Jeki kwenye gunia kichwa kikiwa nje, tukaining'iniza mizani kwenye tawi la mwembe. Sindano ilisimama kwenye 15. Tukapima gunia tupu, ni nusu kilo. Tukakubaliana kilo 14 na nusu, daktari akaniambia nihesabu kwa 14.

Pakiti ile ikichanganywa na maji yake inatoa miligramu 70 kwa mililita. Kilo 14 mara 7 ni miligramu 98, yaani mililita 1.4. Kama tungefuata macho ya jirani tungemchoma mililita 2.5, karibu mara mbili ya kipimo ambacho tayari ni cha juu. Nilimchoma siku ya 15, ndani ya msuli wa paja, mara moja tu. Daktari aliongeza omeprazoli kwa ajili ya tumbo lililochubuliwa na diklofenaki. Macho tuliyasafisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Matone yenye steroidi alikataza, maana kama kioo cha jicho kina kidonda, steroidi hukichimba zaidi.

Kabla sijaondoka nilimuuliza mzee afya yake mwenyewe. Akasema kichwa kinamuuma tangu arudi, na homa za usiku. Dukani alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Nilimwandikia karatasi ya kwenda hospitali, nikaeleza kwamba mbwa aliyekuwa naye porini amekutwa na vimelea vya kundi la brucei. Hadubini haiwezi kutofautisha aina inayoishia kwa wanyama na ile inayomletea binadamu malale, zinafanana. Alipimwa, hakukutwa na malale. Aliambiwa arudi homa ikijirudia, naye akaahidi.

Nafuu

Siku ya 17 Jeki alikula dagaa. Siku ya 20 uvimbe wa uso ulikuwa umekwisha. Mzee alimlisha maini, mayai na uji wa dona, na kila jioni alinitumia ujumbe mfupi. Jicho la kulia lilisafika kabisa kufikia wiki ya nne, la kushoto lilibaki na kovu jeupe. Siku ya 43 ujazo wa chembe nyekundu ulifika asilimia 33, na hadubini haikuonyesha kimelea.

Tulipanga nipime tena baada ya wiki mbili. Siku ile ilipofika mzee alikuwa msituni, na Jeki alikuwa naye. Nilisema moyoni, akirudi nitampima.

Siku ya 71

Simu iliingia alfajiri. Jeki anazunguka duara upande mmoja tu, anaegemeza kichwa kwenye ukuta wa banda na kubaki hapo, akiitwa haitiki.

Mbwa mwenye dalili za ubongo, hapa kwetu, ni kichaa cha mbwa hadi pale itakapothibitika vinginevyo. Alikuwa amechanjwa, ndiyo, lakini chanjo moja haikupi ruhusa ya kutia mkono mdomoni. Nilimwambia mzee kwenye simu amfungie peke yake, watoto wasikaribie, asimpe dawa wala chakula kwa mkono. Wajukuu wawili walikuwa wamelambwa mikononi juzi yake, na mmoja alikuwa na mchubuko. Waliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, wakapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, wakaanzishiwa chanjo.

Daktari alikuja mwenyewe. Damu ya sikioni haikuwa na kimelea. Alinieleza, naye mzee akisikiliza, kwamba kundi la brucei halibaki kwenye damu. Likipata muda hupenya hadi kwenye ubongo, na diminazini haifiki huko kwa kiasi cha kutosha. Mbwa anapona, ananenepa, na wiki au miezi baadaye ugonjwa unaibuka ukiwa ndani ya kichwa. Dawa ya kumfuata huko, kwa mbwa, hatuna.

Mzee aliuliza swali moja. "Anaumia?" Daktari akasema ndiyo, na ataumia zaidi. Siku ya 73 Jeki alilazwa kwa sindano. Mzee alishika mnyororo kwa umbali tuliomwekea, akimwita kwa sauti ya chini mpaka mwisho. Kichwa kilipelekwa maabara. Majibu ya kichaa cha mbwa yalirudi hasi.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu zaidi ni langu la siku ya 9. Kupe masikioni walinipa jibu kabla sijamaliza maswali. Mbwa wa kijijini karibu wote wana kupe. Kuwaona hakuthibitishi kwamba ndio waliomwangusha. Kama ningechukua tone la sikio jioni ile, tiba ingeanza siku sita mapema. Siwezi kudai kwamba ubongo ungesalimika. Ninachojua ni kwamba kimelea kilipewa siku hizo sita bure, juu ya zile nane za mwanzo.

Duka la dawa liliuza dawa ya jicho ambalo halikulitazama. Tofauti ya mtoto wa jicho na kioo kilichovimba inaonekana kwa macho ukimsimamisha mbwa kwenye mwanga: mmoja ni ukungu ndani ya tundu la mboni, mwingine umefunika sehemu yote ya mbele, na hata rangi ya jicho huioni. Na macho yote mawili yakibadilika kwa mbwa mwenye homa, tafuta chanzo mwilini. Sababu nyingine za jicho la bluu zipo, homa ya ini ya mbwa ikiwa mojawapo, na homa za kupe pia. Zote zinataka damu itazamwe. Diklofenaki nayo ilituchanganya: kinyesi cheusi kilinifanya nidhani kupauka kwa ufizi kumechangiwa na tumbo.

Mizani ya asali ilifanya kazi kuliko kifaa kingine chochote katika kisa hiki. Tangu siku hiyo sichomi mbwa diminazini bila kumpima uzito, hata kama ni kwa mtu kumbeba juu ya mizani ya zahanati na kutoa uzito wa mtu. Kumuuliza mzee kuhusu homa yake lilikuwa jambo sahihi pia, na lingekuwa sahihi kwa majibu yoyote. Mbwa na mwenyewe walitembea njia moja na kuumwa na ndorobo wale wale.

Kuhusu siku ya 73 nimejiuliza mara nyingi kama tungesubiri. Daktari alikuwa na hakika, na mimi baada ya kumwona Jeki amekwama ukutani sikuwa na la kubisha.

Lililonisumbua zaidi lilikuja baadaye. Wakati wote huo hakuna aliyeuliza habari za mbwa wengine wa kambi. Mzee ndiye aliyeuliza, wiki moja baada ya maziko. Walikuwa watatu, wa warina asali wenzake. Tulikwenda naye na slaidi na mizani yake kwenye baiskeli. Mmoja alikuwa na kimelea kwenye damu, macho yake yakiwa safi bila ukungu na mkia unatikisika. Alikuwa na kilo 11. Tulimchoma siku ile ile, na mwenyewe amekubali asimrudishe msituni mpaka nimpime mara tatu.